Nilivyoipiga Pasi Sauti ya Kalunde

Nimekosa. Naanza na hilo ili msije mkapoteza muda kunitafutia udhuru. Niliharibu mimi, kwa mkono wangu, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote, hizo chache nilizopewa.

Waliokuwepo Jumapili ile sebuleni kwangu, mtaa wa Cheyo, ni hawa. Tatu, binti niliyemlea, nesi huko Nzega, mtu mzima wa miaka hamsini na ushee. Wifi yangu Nyamizi, dada wa marehemu mume wangu Maganga, aliyekuja kutoka Kwihara yeye na mdomo wake. Mzee Selemani, Mzaramo, mtani wetu, aliyeletwa Tabora na kazi ya reli akasahau kurudi kwao. Kanji wa duka la vitenge, ambaye mimi nilimjua bado anakojoa kwenye majora ya baba yake. Na mimi mwenyewe. Jumla watano. Kalunde hakuwepo, naye ndiye aliyetukusanya.

Jina langu sitalisema. Wananiita Mama Tatu, lakini kina Mama Tatu mji huu ni wengi kuliko kuku, kwa hiyo msijisumbue.

Kalunde alikuwa mke mwenzangu, mdogo. Aliletwa kwa sababu miaka saba nilikaa na Maganga bila kuzaa. Sikuzaa hata baadaye. Watu wanasema wivu unapungua mtu akizeeka. Nyoo! Unapungua kwa nani? Mimi wangu umekaa kama ulivyokuwa, meno ndiyo yametoka.

Sauti alikuwa nayo, siwezi kumnyima. Aliimba taarabu na kundi la hapa mjini chini ya mzee Feruzi, baba wa yule Zainabu aliyeolewa Ipuli. Siku moja wakapanda treni kwenda Dar, wakarekodi santuri. Wakarudi na sahani mbili tu. Moja akabaki nayo mzee Feruzi, moja akaja nayo Kalunde, ameifunga ndani ya kanga mpya, na tumbo la miezi sita mbele yake.

Maganga alikuwa na kinanda cha kupigia santuri. Tukakaa kusikiliza. Selemani alikuwepo, wakati huo kijana mwenye nywele. Nyamizi alikuwepo. Sahani ikaanza kuzunguka, Kalunde akaimba, kila mtu akatikisa kichwa. Ubeti wa kwanza, wa pili, hizo tulishazisikia harusini. Ukaja wa tatu, ambao aliuongeza huko huko Dar, hapa hakuna aliyewahi kuusikia:

"Bibi mkubwa wa nyumba, ufunguo kiunoni..."

Jamani! Bibi mkubwa wa nyumba ile alikuwa nani kama si mimi? Na ufunguo wa stoo niliufunga kiunoni, kila mtu anajua, mpaka mahindi ya kupika Kalunde aliniomba mimi. Watu wakageuka kunitazama. Selemani akacheka. Sikungoja mstari wa pili. Nilinyoosha mkono nikaung'oa ule mkono wa sindano kama mtu anayeng'oa gugu. Sindano ikapita juu ya sahani, krrrr! Mkwaruzo ukabaki pale, mrefu, mweupe.

Kuanzia hapo, ukipiga sahani ile, inafika "kiunoni", inaruka, inarudi "kiunoni", inaruka, "kiunoni, kiunoni, kiunoni". Niliyetaka kumnyamazisha akawa ananisimanga bila kuchoka!

Kalunde aliinuka. Aliifuta sahani kwa pindo la kanga akairudisha kwenye bahasha yake. Miezi mitatu baadaye alijifungua Tatu, na siku ya nane akafariki. Mtoto nikapewa mimi. Sahani nikaitia chini kabisa ya sanduku langu la bati, nikafunga.

Tatu alipokua akauliza, "Mama, wanasema mama Kalunde aliimba kwenye santuri?" Nikamwambia, "Aliimba, lakini sahani ni mbovu, hailii." Kinanda nacho kilishakufa. Akaacha kuuliza. Alikuwa mtoto msikivu. Na mimi, badala ya kuona haya, nikamshukuru Mungu kwa usikivu wake! Mnaona mtu alivyo?

Sasa mwaka huu, Kanji akakitoa kinanda cha marehemu baba yake stoo, akakitengeneza, kikalia. Tatu alikuja mjini kununua kitenge, Kanji akamwambia, "Mama yako si aliimba? Ileteni basi tusikie." Jumatano simu ikaita.

"Mama, Jumapili nakuja. Kanji ataleta kinanda nyumbani. Hata kama ni mbovu, nataka nisikie hata inavyokwaruza."

Nikasema, "Njoo, mwanangu." Nikakata simu, nikakaa chini palepale jikoni.

Hapa ndipo sikilizeni vizuri, maana ndipo ujinga wangu ulipovaa viatu. Tatu akisikia "kiunoni, kiunoni", atauliza nani aliikwaruza. Kwa hiyo nikaamua: mkwaruzo uondoke kabla ya Jumapili.

Alhamisi nikaenda dukani kwa Kanji, nikajifanya nachagua kitenge.

"Kanji, mtu akiwa na sahani imekwaruzika, anafanyaje?"

"Shikamoo kwanza, Mama Tatu."

"Marahaba. Anafanyaje?"

"Asifanye kitu. Aioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo sana, kitambaa laini, afuate mistari, asiikate. Aikaushe kivulini. Halafu aniletee. Penye mkwaruzo naweka uzito kidogo juu ya mkono wa sindano, inapita."

"Na ule ufa wenyewe hauzibwi?"

Akaacha kukunja kitambaa. "Mama, ile mistari myembamba ndiyo sauti yenyewe. Ukiziba, umeziba sauti. Niletee mimi, usiiguse."

Nikatoka nasonya njia nzima. Muuza vitenge ananifundisha mimi kuziba ufa! Mimi binti wa Kasanda, fundi wa mizinga ya nyuki na vibuyu, mtu aliyefuatwa kutoka Sikonge mpaka Uyui! Nimeziba vibuyu vya maziwa nikiwa sijaota meno ya ukubwani. Kibuyu kikipasuka unakwangua ufa, unayeyusha nta ya nyuki, unaisukuma kwa kidole gumba, unafuta, unaweka juani nta ikae. Hakivuji mpaka wajukuu. Sahani ni nini? Ni kitu cheusi, cha mviringo, kina ufa. Sauti inavuja. Unaziba. Ndivyo nilivyofikiri, na sioni haya kuandika, kwa sababu haya yangu yote niliimaliza Jumapili.

Ijumaa nikapanda bodaboda hadi Kwihara kwa Nyamizi. Kwao nta haikosekani, mwanawe anarina asali porini.

"Wangaluka, wifi. Naomba nta kidogo. Kibuyu changu kinavuja."

"Kibuyu? Wewe? Si ulihamia kwenye madumu ya plastiki tangu Maganga yuko hai, ukasema vibuyu ni ushamba?"

"Nimerudi kwenye ushamba. Nipe."

"Una jambo wewe." Akanipa bonge kama ngumi, akanisindikiza mpaka barabarani akinichungulia usoni. Nyamizi huyu ndivyo alivyo. Ukimwomba chumvi, anataka kujua mboga, na nani ataila.

Jumamosi asubuhi nikaitoa sahani. Wallahi, ilikuwa inang'aa! Miaka yote ile ndani ya kanga ya Kalunde, ila ule mkwaruzo mmoja tu, wa kwangu. Ningeishia hapo. Ningeiosha kwa maji ya uvuguvugu kama nilivyoambiwa. Lakini mjuzi haambiwi, hasa mjuzi wa vibuyu.

Nikakwangua ufa kwa ncha ya kisu ili nta ishike. Ndiyo, kisu! Nikayeyusha nta, nikaimimina, nikaisukuma kwa kidole gumba, nikafuta kwa kitambaa. Ikaenea pembeni kidogo, nikasema si neno, juani itanywea. Nikaiweka juu ya ungo, ungo juu ya bati la banda la kuku. Jua la Oktoba la Tabora mnalijua. Nikaingia ndani kuchambua mchele wa wageni, nikiimba! Nikiimba, mie!

Nilipotoka, sahani ilikuwa imekunjana kama sikio la tembo, imeinuka upande huu, imelala upande ule, na nta imetiririka kila mahali, imejaa mistari yote ya katikati. Kuku mmoja amesimama kando ya ungo ananitazama, ananicheka. Nilimtupia kiatu.

Mtu mwenye akili angeishia hapo, akampigia simu Kanji, akalia. Mimi nikawasha pasi ya mkaa.

Naam. Msirudie kusoma, mmesoma sawasawa. Nikatandika kanga mbili, ya chini na ya juu, sahani katikati, nikaipiga pasi kama gwanda la askari. Nilianzia kati, penye karatasi, nikawa naelekea nje. Nta ikanywewa na kanga, nikafurahi! Sahani ikalala, nikafurahi zaidi! Mpaka harufu ilipopanda, harufu ya plastiki inayoungua. Nikanyanyua kanga. Ilikuwa imenyooka kweli. Imenyooka, laini, nyeusi, inateleza kama sufuria mpya. Mistari haipo. Imebaki ukingoni tu, upana wa ukucha, ambako sikuwa nimefika. Na upande wa pili, alikoimba Ramadhani wa Gongoni, mwimbaji mwenzake, huko nako vilevile. Pasi haikuchagua.

Nikakumbuka maneno ya Kanji, kwamba mistari ndiyo sauti yenyewe. Niliketi na sahani mapajani. Nilimzika Kalunde nikiwa na wanawake thelathini. Safari hii nilimzika peke yangu, kwa pasi.

Jumapili wakafika. Tatu alivaa kitenge kipya, amejipaka hina kama anayekwenda harusini. Kanji akaweka kinanda mezani. Nyamizi akaketi karibu na mlango ili asikose kitu. Selemani akaanza palepale:

"Mtani, leo tutakula? Au Wanyamwezi bado mnagawana kile chakula mlichotuibia njiani babu zetu walipobeba mizigo pamoja?"

"Kula ule, Mzaramo, unakula tangu uje, umeona umenenepa?"

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Kisha Tatu akasema, "Mama, ilete."

Nikaileta. Kanji akaitoa kwenye bahasha. Akaitazama, akaigeuza. Akainusa. Akaipitisha kidole. Hakunitazama hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

"Imepata moto," akasema.

"Zamani ni zamani," nikasema. "Vitu vinachakaa."

"Hii haikuchakaa. Hii imepata moto, na nta."

"Nta!" Nyamizi akaruka. "Kile kibuyu!"

Tatu akainua mkono, kama anavyowanyamazisha wagonjwa wodini nadhani. "Kanji, weka tu."

Kanji akaweka sarafu moja juu ya mkono wa sindano kuupa uzito, akaushusha polepole pale ukingoni. Ukingo ulikuwa na mawimbi, sindano ikawa inapanda na kushuka. Kwanza kukwaruza tu. Kisha, jamani, mtu akacheka. Mwanamke. Kicheko kifupi, cha puani, kama vile mpiga ngoma kamtekenya kwa neno. Kisha akasema, "Haya, twende." Ngoma ikapiga mara mbili. Halafu sindano ikafika penye pasi yangu, ikateleza mpaka kati, shhhhh, kama mafuta kwenye kikaango.

Hiyo ndiyo santuri. Kicheko na maneno mawili.

Tatu alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Ndiye?"

"Ndiye," Nyamizi akasema. Sauti ya Nyamizi haikuwa ya kwake.

"Alicheka hivyo?"

"Hivyo hivyo. Puani. Na wewe unacheka hivyo."

"Rudia," Tatu akamwambia Kanji. Akarudia. "Rudia." Akarudia tena. Mara ya nne Kanji akasema, "Dada, kila sindano ikipita inakula. Tuache iliyobaki." Tatu akasema sawa. Akageuka kwangu.

"Mama, ulisema mbovu tangu zamani. Ubovu wa kwanza ulitokana na nini?"

Na mimi, mwanamke wa umri huu, mwenye mguu mmoja kaburini na wa pili unaniuma, nikajibu nini? Nikasema, "Sijui, mwanangu. Labda panya."

Selemani akakohoa. Mnajua mtani ana ruhusa. Mtani akikuvua nguo huwezi kumpeleka popote, ndivyo tulivyopatana tangu njia ile ya pwani. Akasema taratibu, huku ameshika fimbo yake:

"Panya wa Unyamwezi bwana. Wanatembea na ufunguo kiunoni."

Hakuna aliyecheka. Hata yeye.

Basi nikasema yote. Ubeti wa tatu, mkono wa sindano, krrrr, sanduku, nta, ungo, bati, pasi. Nilipofika kwenye pasi Kanji aliinama kama mtu aliyepigwa tumboni. Tatu hakunifokea. Angenifokea ningepona. Alivaa miwani, akatoa daftari kwenye mkoba wake, akasema, "Niambie maneno ya wimbo wote. Unayokumbuka."

Mimi kukumbuka ndiyo kazi yangu. Nikamtajia ubeti wa kwanza, wa pili. Wa tatu nikamtajia mstari wangu, "Bibi mkubwa wa nyumba, ufunguo kiunoni". Nikasema, "Hapo ndipo alipoanza kunitukana. Kilichofuata sikukisikia, lakini matusi nayajua yanavyoanza."

"Hukutukanwa," Nyamizi akasema.

"Ulisikia wewe?"

"Sikusikia. Uling'oa. Lakini wiki ile ile alinitajia mwenyewe, tukiwa kisimani. Alisema, 'Wifi, bibi mkubwa hakuningoja nimalize.' Mstari wenyewe ni huu:

Nikichelewa njiani, mwanangu mfungulie."

Tatu aliacha kuandika.

"Mwongo wewe!" nikamwambia Nyamizi. "Umeutunga sasa hivi unilize mbele ya watu! Miaka yote hiyo mbona hukusema?"

"Uliniuliza lini? Jina lake tu lilikuwa halitamkwi nyumbani kwako."

Nikamgeukia Selemani, yeye hajui. Nikamgeukia Kanji, mwaka ule alikuwa mtoto. Nikaitazama sahani pale juu ya kinanda, inang'aa kama kioo. Ni yeye tu angeamua kati yangu na Nyamizi. Shahidi niliyemfungia sandukuni karibu maisha yote ya Tatu, siku ya kuitwa kusema, nikampiga pasi.

Tatu aliandika mistari yote miwili, wangu na wa Nyamizi. Pembeni ya ule wa Nyamizi akaweka alama ya kuuliza. Akafunga daftari, akala chakula changu, akaosha vyombo, akaniaga vizuri. Simu ananipigia, lakini zamani alikuwa akianza na "Mama, umeamkaje?" Sasa anaanza na "Umekumbuka lingine?"

Nilimfungulia mtoto yule. Hilo hata Nyamizi hawezi kulikana. Nilimfungulia kila mlango isipokuwa sanduku moja.

Sasa ninyi mafundi wa majumbani, mnaopaka santuri dawa ya meno, mnaozianika, mnaosugua kwa msasa kwa sababu mmesikia kwa jirani: acheni ubishi! Maji ya uvuguvugu, kitambaa laini, kivuli. Zaidi ya hapo mpelekeeni anayejua, hata kama anauza vitenge, hata kama atauliza nani aliikwaruza. Hasa kama atauliza. Mimi nilikuwa tayari kuunguza sauti ya maiti kuliko kujibu swali moja.

Na ombi langu ni hili. Sahani zilikuwa mbili. Ya mzee Feruzi haijulikani ilipo. Zainabu alishatangulia, watoto wake wamesambaa, mmoja nasikia yuko Kigoma, Hamisi au Hamadi, hapo sina hakika. Aliye nayo asiilete, asiiposti, asiiguse hata kwa kidole. Aipige tu, asikilize ubeti wa tatu mpaka mwisho, halafu aniandikie kupitia ukurasa huu. Kama Nyamizi amesema kweli, nisahihisheni. Kama mimi ndiye niliyesema kweli, nikatukanwa kweli, nisahihisheni pia, msinionee huruma. Na kama ni Ramadhani wa Ng'ambo na siyo wa Gongoni, au ungo ulikuwa juu ya tangi na siyo juu ya banda, semeni.

Daftari liko kwa Tatu, na alama ya kuuliza bado iko pale.